Mpaka Viazi Vikubali

Jana nililala na hasira, na mtu akilala na hasira hapewi ndoto ya maana; anapewa ya viazi. Basi nikaota. Nitaieleza kama ilivyokuja, maana hata nikiipamba haitaongezeka akili.

Kwanza ujue hasira ilitoka wapi. Baba mkwe wangu, Mzee Mayunga, anaishi nasi hapa Tabora tangu tulipomzika mama mkwe. Amekuwa mtu wa uji. Asubuhi anakunywa nusu kikombe, mchana anasema bado ameshiba ule wa asubuhi, jioni anasema anautunzia nafasi wa kesho. Koti lake la kanisani sasa ndilo linalomvaa yeye. Daktari alimpima kila mahali, akasema hana ugonjwa wowote, ale tu. Ushauri mzuri sana. Sisi tulikuwa tunafikiria kumpaka rangi.

Halafu juzi, akiwa amekaa barazani, akasema bila kumwangalia mtu: "Labda viazi vya mama yenu ningevijaribu."

Ni viazi vitamu vya kuoka, vyenye asali na samli. Marehemu alivipika kwenye sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Kwa kawaida ni chakula cha pembeni, cha kusindikiza nyama. Kwa mzee, nyama ndiyo iliyokuwa ya pembeni.

Mume wangu yuko safarini. Nilipompigia simu alisema, "Mtafanya tu," kwa sauti tulivu ya mtu aliye mbali na jiko. Lakini wifi yangu Kalunde, aliyekuja nyumbani kwetu kusaidia, hakuwa mbali. Alinigeukia palepale.

"Nyamizi atapika," akasema. "Si ndiye aliyekuwa anashinda jikoni na mama?"

Wifi yangu ana kipaji. Anaweza kukusifu ukajikuta unatafuta mahali pa kuficha uso.

Ni kweli nilikuwa nikishinda jikoni na marehemu, na ndiyo sababu mapishi yake nayajua yote. Alikuwa akisema: "Chukua viazi kiasi, mwanangu. Asali kiasi, samli kiasi, moto kiasi. Usivisumbue. Acha mpaka vikubali." Basi. Ukimuuliza kiasi gani, anakujibu, "Kiasi." Ukimuuliza vikubali nini, anakutazama kama umeuliza maji yanalowesha nini.

Jana nikanunua viazi, nikaviweka kwenye beseni jikoni, nikamwambia Kalunde nitapika kesho.

"Kesho ni mbali kwa mtu asiyekula," akasema.

Nikaenda kulala.

Nikajikuta jikoni kwangu, mchana, jua limejaa dirishani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa jiko lenyewe lilikuwa stesheni ya reli. Sufuria zangu zilining'inia ukutani, na chini yake abiria walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao wakisubiri. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mtu alikuwa amefagia.

Viazi vyangu vimekaa kwenye benchi, vimevaa makoti. Vinanitazama. Natoa kisu.

"Ngoja," kinasema kilicho kikubwa kuliko vyote, chekundu, chenye udongo shingoni. "Hatujasalimiana."

"Habari zenu?"

"Habari zenu!" Kikavigeukia vingine. "Tumekaa ardhini, gizani, kichwa chini, tukinenepa kwa ajili ya watu, halafu tunasalimiwa kama wauza vocha."

Nikapiga goti. "Shikamooni."

"Marahaba," vikajibu vyote. Kimoja kikaongeza "mwanangu," ingawa hicho nilikipata bure sokoni, cha nyongeza.

"Haya," kikasema kikubwa. "Umekuja kutufanya nini?"

"Kuwamenya."

"Yaani kutuvua makoti hadharani. Stesheni."

"Ndivyo inavyofanywa."

"Sawa. Anza wewe."

Nilikuwa nimevaa sweta la mume wangu. Nikalivua. Kiazi kikubwa nacho kikavua koti, kikalikunja vizuri, kikaliweka mapajani, ingawa hakikuwa na mapaja. Nikavua kilemba, kiazi cha pili kikavua koti. Nikavua ndala, moja kwa kiazi kimoja. Nikavua hereni. Tukaenda hivyo, kitu kwa kitu, mpaka mimi nikabaki na gauni na upande wao kikabaki kiazi kimoja chenye koti lake. Tukatazamana. Tukakubaliana hicho kipikwe na ganda, kwa heshima ya pande zote mbili.

Kipaza sauti kikakohoa juu ya kabati la vyombo. "Tangazo kwa abiria wanaosubiri asali. Asali imechelewa. Itafika itakapofika. Tunaomba radhi kwa wale wenye haraka, na tunawashangaa."

Nikaenda kwa mkuu wa stesheni. Alikuwa mwiko. Mwiko ule ule wa kusongea ugali, ila sasa alikuwa na kofia.

"Asali itafika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kuuliza saa ni mwiko," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwiko ni mimi, na umeniuliza mimi." Alionekana kuridhika sana na jibu hilo. Nadhani alikuwa amelitunza kwa muda mrefu. "Unataka asali ya kiasi gani?"

"Kiasi."

"Basi kamlete."

"Nani?"

"Kiasi. Bila yeye mwenyewe kusimama hapa, hatutoi hata tone. Zamani tulikuwa tunatoa tu, watu wakalewa utamu, wakaanza kuoa ovyo."

"Kwani Kiasi ni mtu?"

Mwiko akanitazama kwa huruma, kutoka kwenye kofia mpaka kwenye mpini. "Umepika miaka yote hii humjui?"

Nikafungua mlango wa kabati, nikaingia katikati ya vikombe, nikatokea sokoni.

Nauliza kwa muuza nyanya. Anasema, "Kiasi? Kapita sasa hivi. Kanunua nyanya."

"Ngapi?"

"Za kutosha."

Nauliza kwa kinyozi. Anasema Kiasi amenyolewa, ameondoka. "Alitaka zipunguzwe," anasema, "lakini si sana." Nauliza kwa mama wa maandazi. Anasema Kiasi alikaa pale akala, akanyanyuka akiwa bado anaweza kula kidogo, jambo ambalo mama huyo hajawahi kuliona tena kwa mteja mwingine na limemkosesha raha.

Nikamkuta kwa fundi cherehani, anajaribu suti. Alikuwa mwanaume asiye mrefu wala mfupi, asiye mnene wala mwembamba, na sura yake niliisahau nikiwa bado naitazama. Suti ilimkaa sawasawa. Fundi alikuwa amesimama na sindano mkononi, hana la kufanya, karibu kulia.

"Nimekutafuta sana," nikamwambia.

"Wengi hunitafuta," akasema Kiasi, "wakishazidisha."

"Mama mkwe wangu alikuwa akikutaja kila siku."

"Tulifanya kazi pamoja. Mama mwema. Hakuwahi kunipima."

"Sasa mimi nilitaka kujua wewe ni vijiko vingapi."

Cherehani ikanyamaza. Mwanamke aliyekuwa anapita na kapu akasimama. Mtu mmoja akawafunika watoto wake masikio. Ilionekana nimetamka jambo zito.

"Vijiko," akasema Kiasi polepole.

"Samahani."

"Siyo kosa lako. Mmelelewa hivyo." Akavuta kiti cha fundi, akakaa. "Huyo mzee anakula na nani?"

"Peke yake. Tunampelekea chumbani, kwenye sinia."

"Na zamani, mkewe alipokuwa akipika hivyo viazi, yeye alikuwa wapi?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijawahi kuulizwa. "Mlangoni," nikasema. "Alikuwa akija na kigoda chake anakaa mlangoni mwa jiko. Anamsumbua. Anasema, 'Ongeza asali.' Mama anamwambia, 'Toka hapo, utaniharibia chakula.' Anasema, 'Basi punguza.' Mama anasema, 'Nani kakuuliza?' Mpaka viazi vinaiva."

"Basi," akasema Kiasi, "kijiko kilikuwa hicho."

Lilikuwa jibu zuri sana, lingefaa kuchapishwa kwenye kanga. Ila mimi sikuwa nimekuja kununua kanga. Nilikuwa na viazi stesheni vimevua makoti, vinapigwa na upepo, na mkuu wa stesheni mwenye kofia. Nikamwambia Kiasi kama hana la maana zaidi, basi angalau aje mwenyewe kama alivyotakiwa. Akakubali. Hakukubali sana.

Tuliporudi, asali ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Ilikuja kwa miguu kutoka msituni, nzito, inang'aa, haimwangalii mtu, kama bibi harusi aliyeambiwa asicheke. Abiria wote wakasimama. Ikapita mbele yetu. Ikaendelea kupita. Ilikuwa na mkia mrefu mno, na hakuna aliyethubutu kuiharakisha.

Kiasi aliitazama, akainua kidole. "Hapo," akasema.

Asali ikakatika.

"Ndiyo hivyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Na umejuaje?"

Lakini alikuwa ameshaondoka. Hakai sana.

Sufuria ikaingia stesheni ikipuliza mvuke. Viazi vikapanda kwa mpangilio, vinene chini, vyembamba juu, kile chenye ganda dirishani. Samli ikapita katikati kukagua nauli, ikamtelezesha kila mmoja. Mwiko akapuliza filimbi. Kifuniko kikafungwa.

Na hapo nikagundua kwamba moto ni mimi.

Sisemi kwamba niliuwasha. Moto wenyewe ni mimi. Nimechuchumaa chini ya sufuria, magoti yangu yanatoa cheche. Natazama juu. Juu ya kifuniko ameketi wifi yangu Kalunde, miguu ameikunja kwa adabu, amewaka mwekundu kuanzia vidoleni mpaka kwenye mabutu ya kichwani.

"Mimi niko hapa tu," akasema. "Kuangalia."

"Naona."

"Wewe endelea. Si unajua?"

Nikaongeza joto kidogo. Naye akaongeza. Nikaongeza tena, si kwa ajili ya viazi.

"Joto lako lina moshi, wifi," akasema.

"Lako linatoka mdomoni, wifi."

Sufuria ikaanza kulia. Kutoka ndani ikaja sauti ya kile kiazi kikubwa, ya upole, ya mtu anayejitahidi asionekane anaingilia mambo ya watu. "Samahani, mama zetu. Juu tunaungua. Chini tunaungua. Katikati tungali wabichi. Tunauliza tu kama kuna mpango."

"Mwulizeni yeye!" tukasema sote wawili kwa pamoja.

Harufu ya asali inayoungua ikaanza kupanda. Mimi naijua harufu hiyo. Ukiisikia, una nafasi ndogo sana kabla chakula hakijawa cha kuku. Nikamfikiria mzee na lile koti linalomvaa. Nikainua uso nimwambie Kalunde ashuke, nikamkuta analia. Machozi yake yalikuwa yanaanguka juu ya kifuniko na kuchemka.

"Alikufundisha wewe," akasema. "Mimi nilimwomba. Nilikuwa msichana, nikamwambia, mama nifundishe viazi. Akasema, 'Wewe kasome, mapishi yatakuja.' Nikasoma. Nikarudi. Nikakuta mapishi yamekuja kwako."

Nilisubiri kejeli ifuate. Haikufuata. Hata ndotoni jambo hilo lilinitia wasiwasi.

"Wifi," nikamwambia, "hakunifundisha. Nilimwuliza kiasi gani, akaniambia kiasi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nilikuwa nampa chumvi na kuosha vyombo. Hivi viazi sijawahi kuvipika maishani mwangu."

"Sasa juzi mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ulikuwa unanisifu?"

Kalunde akafuta uso kwa kiganja, kiganja kikatoa mvuke. Wekundu wake ukashuka taratibu, ukawa wa jua la saa kumi. Wangu nao ukashuka. Sikuwa na sababu tena ya kuushikilia. Chini yake na juu yangu, sufuria ikaacha kulia, ikaanza kunong'ona.

"Hapo hapo," kikasema kiazi kutoka ndani. "Msiguse kitu."

Miaka yote nimekuwa nikisikia watu wakisema upike kwa moto wa wastani. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ni wanawake wawili waliochoka kugombana.

Kifuniko kikafunguka, nasi tukawa ukumbini, kwenye mkutano. Mimi na Kalunde tumekaa viti vya nyuma, tunanuka makaa. Viazi vimejaa mbele. Mwiko yuko mezani, bado ana kofia, maana ni mwenyekiti pia; mwiko ukishapewa kofia hauivui.

"Ajenda ni moja," akasema. "Kukubali. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Havikuwa na mikono, lakini ilinyooshwa.

"Wasiokubali?"

Akanyanyuka kiazi mmoja ambaye sikuwa nimemwona kabla, mweupe, mwembamba, ameketi peke yake karibu na dirisha. Kifuani alikuwa amechomeka karafuu moja, kama bwana harusi anavyochomeka ua. Nikamwuliza Kalunde karafuu imetoka wapi. Akasema yeye si mlinzi wa viazi.

"Mimi sikubali," akasema yule mweupe.

"Sababu?"

"Nilikuwa na mipango yangu. Nilitaka kuwa michembe." Akatugeukia sisi wa nyuma, kama anayewaelimisha wageni. "Unakatwa vipande, unaanikwa juani mpaka unakauka. Juani kuna upepo. Mtu unaona mbali, unafikiri. Humu ndani nimeona kifuniko tu."

"Wengi wameshakubali," nikasema.

"Mapishi yanasema mpaka vikubali," akajibu Mwiko. "Hayasemi mpaka vingi vikubali. Kikao kinasimama."

Nikambembeleza yule mweupe. Nikamwambia habari za mzee, uji, koti. Akasikiliza kwa makini, akasema ni habari ya kusikitisha na kwamba yeye bado angependa kuwa michembe. Kalunde akamwambia atamkaanga.

"Kukaanga hakumo kwenye ajenda," akasema Mwiko.

Asali ilikuwa inaanza kuganda pembeni. Viazi vingine vilianza kupoa, vikatazamana kwa aibu. Nikaona wazi kwamba tutashindwa, kwamba tutampelekea mzee uji tena kwenye sinia, na kwamba siku moja tutaingia na sinia tukute koti tupu.

Mlango ukafunguka. Akaingia Mzee Mayunga mwenyewe, na kigoda mkononi. Hakutusalimia. Alikiweka kigoda mlangoni, akakaa, akamtazama yule mweupe.

"Shikamoo, mzee," akasema kiazi. Huyo huyo aliyekuwa hajamsalimia hata mwenyekiti wa kikao.

"Marahaba."

"Naweza kukuuliza neno?"

"Uliza."

"Unatutaka sisi, au unamtaka mkeo?"

Kalunde akajifunika mdomo na kanga. Mimi nikatafuta kitu cha kukoroga, sikukipata, maana mwiko alikuwa anaongoza kikao.

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. "Namtaka mke wangu," akasema. "Nimemwomba arudi, hakubali. Nikaona niwaulize nyinyi."

Yule mweupe akafikiri. "Alikuwa anajua kupika?"

"Mwanzoni hapana. Mwaka tuliooana viazi vyake ungeweza kujengea nyumba. Nikawa nakula, namwambia vizuri sana. Miaka ikaenda, vikawa vizuri kweli. Hapo nikakosa la kusema, maana neno lenyewe nilikuwa nimeshalitumia kwa vile vibaya."

"Ukafanyaje?"

"Nikawa nakaa mlangoni namsumbua. Namwambia aongeze, apunguze. Nilikuwa natafuta neno jingine." Akaipapasa kofia. "Sikulipata mpaka amekufa. Yeye alidhani napenda asali."

Samli ilikuwa inalia waziwazi, lakini samli hulia kwa jambo lolote.

Kiazi mweupe akaiweka sawa karafuu yake kifuani. "Sikubali kwa moyo mmoja," akasema. "Nataka hilo lieleweke. Juani kungekuwa kuzuri. Lakini nakubali."

Mwiko akajigonga kichwa mezani. "Vimekubali!"

Na vikaiva. Vyote kwa mara moja, vikawa na rangi ya udongo wa Tabora jua likiupiga baada ya mvua, asali inatokota pembeni, ganda la kile chenye koti limekunjamana vizuri. Harufu yake ilikuwa ile ile. Kalunde alinishika mkono. Hakusema kitu cha kunisifu, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Mzee alikula kwa mkono. Alianza na yule mweupe, aliyekuwa akizungumza mpaka dakika ya mwisho: "Taratibu, mzee. Upande huo nimeungua kidogo. Zunguka huku. Unaona? Juani nisingekuwa na tatizo hili." Mzee alitafuna huku akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Akala cha pili. Akala cha tatu. Akaramba kidole, akatazama sufuria, halafu akatutazama sisi.

"Ongezeni asali," akasema.

"Nani kakuuliza?" tukasema mimi na Kalunde, kwa pamoja.

Nikajiziba mdomo. Mkwe hamwambii baba mkwe neno la namna hiyo, hata ndotoni, hata akiwa moto. Nikapiga goti niombe radhi.

Lakini Mzee Mayunga alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kigoda kikacheka naye, mpaka koti likamkaa.

Nikaamshwa na mlango. Kulikuwa kumekucha zamani. Kalunde alikuwa amesimama kizingitini na bakuli la uji, uso umemshuka.

"Wifi, amka. Baba leo amekataa hata uji."

Niliruka kitandani. Nilipopita jikoni nilichungulia: jikoni palikuwa jikoni, hapajafagiwa, na viazi vilikuwa kwenye beseni na makoti yao, vibichi, havina la kusema. Nikajisikia mjinga. Tukaingia kwa mzee sote wawili. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anatazama dirisha.

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, uji umekushinda?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, baba?" akauliza Kalunde, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Usingizi?"

Mzee alikuwa anahangaika na kitu mdomoni, ulimi unapita huku na huku kwenye meno machache yaliyobaki. Mwishowe akaingiza kidole, akakichokoa, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka kwenye sahani ya kikombe iliyokuwa kando ya kitanda.

Ilikuwa karafuu. Nzima, na kichwa chake.

Nyumbani kwetu hatuna karafuu. Mama mkwe hakuwahi kuitumia. Alisema inamkumbusha dawa ya meno. Kalunde aliitazama, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa anayemfahamu wifi yangu, hilo peke yake lingetosha kuitiwa daktari.

"Mchana nitakula tena," akasema Mzee Mayunga, akijilaza taratibu. "Ila kile cheupe msinipe. Kina maneno mengi."